Mto Ulio Chini ya Mchanga

Siku za shule Mama alilazimika kumwamsha Mercyline kwa kumvuta shuka, tena kwa maneno makali. Lakini Jumamosi mambo yaligeuka. Siku hiyo Mercyline aliamka wa kwanza katika nyumba yao ya ghorofa ya pili mtaani Al Baraha, akateleka chai, akapiga mswaki, akaketi sebuleni na begi mapajani akisubiri saa ya darasa la Kiswahili. Si kwamba alipenda sana sarufi. Alipenda darasa kwa sababu huko alikuwa mtu mkubwa.

Darasa lenyewe lilikuwa sebule ya Bi Badriya katika jengo la jirani. Bi Badriya alizaliwa Unguja, akafundisha jiografia miaka mingi, na alipostaafu hakuweza kukaa bure. Aliwakusanya watoto wa Kenya, Tanzania na Uganda waliokuwa wakikulia Dubai, akawafundisha lugha na habari za makwao. Kila mwaka, msimu wa baridi ukifika, familia zote zilikwenda Hatta, kwenye milima, kula nyama choma na kustarehe. Huko mtoto mmoja alisimama mbele ya wazazi wote na kueleza mahali anakotoka. Miaka miwili mfululizo mtoto huyo alikuwa Mercyline, na mahali penyewe palikuwa Kaunti ya Kitui.

Kitui aliijua kama kiganja chake. Alijua kwamba iko mashariki ya Nairobi, kwamba ni nchi ya nusu kame, kwamba ina kaunti ndogo nane na wadi arobaini, na kwamba Mto Athi na Mto Tana hupita mipakani mwake. Gavana, bunge la kaunti, wawakilishi wadi, yote aliyataja bila kumeza mate. Jambo moja tu hakulitaja sana: alitoka Kitui akiwa amebebwa mgongoni, na tangu hapo hajarudi. Hilo halikumsumbua mtu, na yeye mwenyewe halikumnyima usingizi.

Halafu akaja Jecinta.

Jecinta alikuwa binti wa Sammy, mdogo wake Baba. Baba Mdogo Sammy alikuwa msimamizi wa stoo katika jengo lililokuwa likijengwa Al Jaddaf, naye alikuwa akiishi nao, akilala kwenye kochi la sebuleni. Siku moja alikwenda uwanja wa ndege akarudi na msichana mrefu, mwembamba, wa umri wa Mercyline, aliyebeba begi moja na kopo la asali. Mama alimkumbatia mpaka kofia ya msichana ikaanguka. Nusu ya kabati la Mercyline ikawa ya Jecinta. Kitanda cha pili kikaingizwa chumbani, na meza ya kusomea ikapelekwa varandani.

Kabati lingevumilika. Lisilovumilika lilikuwa Baba. Baba yake, Alfred, alikuwa mkuu wa walinzi katika duka kubwa, na kila jioni akirudi alivua viatu, akakaa, na kusema, "Haya Mercy, nipe habari." Hiyo ilikuwa saa ya Mercyline. Sasa Baba alivua viatu akamgeukia Jecinta kwa Kikamba. Alimwuliza habari za mvua, za ng'ombe wa fulani, za punda wa jirani, na Jecinta alijibu taratibu, uso mkavu, mpaka Baba akacheka na kufuta machozi kwa tai yake. Mercyline hakuwahi kumwona Baba akicheka vile. Kikamba chake yeye kiliishia kwenye salamu na makaripio.

"Amesema nini?" aliuliza jioni moja.

"Habari za punda wa Mzee Kilonzo," Baba alisema akikohoa kwa kicheko. "Aah, nikikutafsiria utapotea utamu wote."

Mercyline alitabasamu kwa meno tu. Alikwenda chumbani akakaa kitandani. Alijua kabisa jambo lile linaitwaje. Lilikuwa wivu.

Jumamosi iliyofuata Bi Badriya alisema ni wakati wa kujiandaa kwa safari ya Hatta. Mercyline alikuwa tayari. Alitundika ramani yake mpya ukutani, kubwa kuliko ya mwaka jana, na kila kaunti ndogo ilikuwa na rangi yake. Katikati alikuwa amechora mstari mnene wa buluu.

"Huu ni Mto Tiva," alieleza. "Unapita Kitui ukielekea kusini. Wananchi hutumia maji yake kwa matumizi ya nyumbani na kunywesha mifugo."

"Vizuri," alisema Bi Badriya. "Na wewe Jecinta, mwanangu, uliyetoka huko juzi juzi, ndivyo ulivyo?"

Jecinta alisimama kwa adabu. "Ndivyo, mwalimu. Ila mto wenyewe si wa buluu. Ni wa mchanga. Maji yako chini."

Watoto wakacheka. Swafiya, msichana wa Kizanzibari asiyeweza kukaa na neno mdomoni, akauliza, "Maji chini ya mchanga? Kwani mmeyazika?"

"Hayazikwi, yanajificha yenyewe," Jecinta alisema bila kuudhika. "Mvua kwetu inanyesha misimu miwili. Ikinyesha, mto unajaa siku chache, kisha juu kunakauka. Lakini maji yamebaki ndani ya mchanga, jua haliyafikii. Unachimba kwa mikono, unasubiri, yanakuja. Tena kuna mabwawa ya mchanga. Watu wanajenga ukuta kukatisha mto, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanakaa humo hata miezi ya kiangazi."

Bi Badriya alivua miwani. Macho yake yalikuwa yameng'aa kama ya mtoto aliyeonyeshwa peremende. "Unaweza kutengeneza mfano wake tukauona?"

"Naweza."

"Basi mwaka huu mto wa Kitui ni wako. Mercyline atakusaidia."

Atakusaidia. Mercyline alilirudia neno hilo njia nzima ya kurudi nyumbani. Miaka miwili Kitui ilikuwa yake, leo amekuwa msaidizi katika kaunti yake mwenyewe. Na aliyempokonya ni mtu anayelala kitanda cha pili, anayetumia sabuni yake, na anayemchekesha baba yake.

Kazi ilifanyika kwenye varanda. Baba Mdogo Sammy alitafuta sanduku la mbao lililokuja na maembe, wakalitandika karatasi nene ya plastiki. Jecinta akajenga ukuta mdogo wa saruji kukatisha sanduku, na nyuma ya ukuta akaacha bonde refu la mto. Mercyline alipewa kazi ya bendera. Alikata bendera arobaini za karatasi, moja kwa kila wadi, akaandika majina kwa wino mweusi, akazichomeka kandokando ya mto. Alitengeneza hata bunge la kaunti kwa viberiti. Hakuna aliyesema neno juu ya bunge lile.

Ilipofika zamu ya mchanga, Mercyline alitaka wauchote upesi kutoka kiwanja kilichokuwa nyuma ya jengo, ambako watu waliegesha magari. "Mchanga si mchanga?" alisema. "Dubai hii nzima ni mchanga."

"Ule ni laini mno, kama unga," Jecinta alijibu. "Unashika maji hauyaachi. Ukichimba unapata tope. Sisi tunataka mchanga wa mto, ule wa chenga."

Jioni hiyo Baba Mdogo Sammy alikuja na mfuko begani. "Nimemwomba arbab, bosi wetu, mchanga wa zege," alisema akiutua. "Akaniuliza, mchanga huu unakwenda kujenga nini? Nikamwambia mto. Amenitazama mpaka sasa nadhani bado ananitazama." Jecinta aliuchekecha mchanga ule kwa chekeche ya jikoni, akauosha, akauosha tena mpaka maji yakatoka meupe, kisha akaumwaga bondeni mkono kwa mkono.

Baba alitoka varandani na kikombe cha chai. Alisimama pale muda mrefu bila kunywa. "Huu ndio mto wenyewe," alisema kwa sauti ya chini, akaweka mkono juu ya kichwa cha Jecinta. Kisha akapiga simu ya video kwa Susu, nyanya yao kule Kitui. "Tazama Susu, tazama mto wa Jecinta."

Mto wa Jecinta. Bendera zangu ziko humo zote, alijiambia Mercyline, lakini mto ni wa Jecinta. Aliingia ndani akafunga mlango kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na hakuna aliyeusikia.

Safari ya Hatta ilikuwa Jumapili. Jumamosi mchana wote walikwenda sokoni kununua nyama na makaa. Mercyline alisema kichwa kinamwuma, akabaki kitandani akisikiliza mpaka lifti iliposhuka. Hapo akaamka. Alichota mchanga wa Jecinta kwa bakuli akautia katika mfuko mtupu wa mchele. Alishuka na ndoo kiwanjani nyuma ya jengo, akaijaza mchanga laini, akapanda nayo ngazi kwa sababu aliogopa kukutana na watu katika lifti. Akaumwaga bondeni, akausawazisha kwa kiganja. Juu yake akanyunyiza mchanga wa chenga kiasi cha kuficha. Bendera alizichomeka kila moja mahali pake.

Alijiambia kwamba halikuwa jambo kubwa. Hajavunja kitu, hajaiba kitu. Mto tu hautatoa maji, basi, na watu watajua kwamba si kila anayetoka Kitui juzi anajua kila kitu. Hata hivyo aliusukuma mfuko wa mchele nyuma ya mashine ya kufulia, usionekane.

Waliporudi, Jecinta alikuja moja kwa moja chumbani. Alikuwa na kipande cha tikiti maji katika sahani. "Kichwa kimepoa?"

"Kidogo."

"Kula hiki, kina baridi." Akaketi ukingoni mwa kitanda. "Nilikutana na Bi Badriya sokoni. Nimemwambia kesho wewe uanze. Eleza kaunti, watu wake, gavana, bunge, wadi, yote. Mimi hayo huwa yananichanganya. Mimi nitaeleza mto tu, mwishoni. Amekubali."

Mercyline alishika sahani asijue aangalie wapi. Ilikuwa nafasi ya kusema. Lakini Baba Mdogo alikuwa tayari akilifunga sanduku kwa kamba ili lisimwagike garini. Alikula tikiti lote na halikuwa na ladha.

Asubuhi magari yalifuatana kuelekea mashariki. Jangwa jekundu liliisha, milima ya mawe ikaanza, mikavu, ya rangi ya kahawia. Jecinta alibandika uso kwenye kioo. "Panafanana na kwetu," alisema. Baba akamjibu kwa Kikamba kutoka kiti cha mbele, wakacheka. Safari hii Mercyline hakuona wivu tu. Aliona na woga.

Walitandika mikeka karibu na bonde la mto uliokauka, chini ya miti michache yenye kivuli. Baada ya kula, Bi Badriya alipiga makofi na watu wakakusanyika kulizunguka sanduku. Mercyline alianza. Alieleza vizuri, maana hayo aliyajua. Alionyesha milima ya kati ambako mvua ni afadhali kidogo, na nyanda za mashariki na kusini ambako mvua ni ya kubahatisha. Alieleza Wakamba na majirani zao Watharaka upande wa kaskazini, mtama na pojo na mizinga ya nyuki. Alieleza gavana anayeongoza kaunti, na wawakilishi wadi wanaokaa bungeni kupitisha sheria na bajeti. Watu wakampigia makofi. Alipokea makofi yale bila kumtazama Jecinta.

Jecinta akapiga magoti kando ya sanduku.

"Mwenzangu amewaeleza wadi," alisema. "Mimi nitawaeleza jambo lililotokea katika wadi yetu. Tulikuwa hatuna bwawa. Serikali ya kaunti ikaita kikao, watu wote waje waseme wanataka nini kifanywe. Wengine walitaka barabara, wengine soko. Mama yangu alisimama akasema maji. Akina mama wote wakasimama nyuma yake. Mwakilishi wadi akalipeleka ombi hilo bungeni, na kaunti ikatoa saruji na fundi. Sisi tukatoa mawe na mikono yetu. Hata mimi nilibeba mawe. Mvua zikaja, mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, tukapata maji karibu na nyumbani."

Akapapasa ukuta mdogo wa saruji.

"Kijiji cha bondeni, chini yetu, kilikuwa kijengewe bwawa lake baadaye. Lakini wakaona kijicho. Wakasema kwa nini tuanze sisi. Siku moja ya soko, sisi tukiwa hatupo, vijana wao wakaingiza malori na kuchota mchanga wetu. Wakarudi tena, na tena. Kaunti inakataza, lakini mpaka askari wafike, mto ulishabaki mwamba. Mvua iliponyesha maji yalipita juu yakaenda zake. Tukakosa sisi, na wao wakakosa, kwa sababu visima vyao vilikuwa vikilishwa na maji hayo hayo yanayopita katika mchanga. Mama akaanza tena kwenda mbali kuteka maji. Mimi nikawa namsaidia, nikawa sifiki shule siku nyingi. Ndipo baba yangu akanileta huku."

Muda wote huo walilala chumba kimoja, na Mercyline hakuwahi hata mara moja kumwuliza Jecinta kwa nini alikuja.

"Sasa mtaona bwawa linavyofanya kazi," Jecinta alisema. "Mvua inanyesha."

Alimimina maji kutoka kwenye jagi, polepole, sehemu ya juu ya bonde. Maji hayakuzama. Yalijikusanya juu, yakabeba mchanga ule laini, yakaporomoka bondeni yakiangusha bendera za wadi, yakaruka ukuta na kumwagika mkekani. Jecinta aliharakisha kuchimba kishimo nyuma ya ukuta. Alisubiri. Kikajaa tope.

"Kumbe mto wa Kitui ni uji," Swafiya alisema, na watoto wakaangua kicheko. Mama mmoja akawanyamazisha.

Jecinta alichota mchanga kidogo, akausugua katikati ya vidole. Akainua macho akamtazama Mercyline. Alimtazama mara moja tu, kisha akawageukia watu.

"Hivi ndivyo mto wetu ulivyo sasa," alisema, na sauti yake ilikwaruza, "baada ya mchanga wake kuchukuliwa."

Kicheko kikakatika. Watu walipiga makofi ya huruma. Baba Mdogo Sammy aliinama akijifanya anafunga kamba za viatu, na Mercyline aliona kwamba viatu vyake havikuwa na kamba.

Alikuwa amepata alichokitaka. Jecinta alikuwa ameshindwa mbele ya wote. Mercyline alitafuta ndani yake ile furaha aliyoitarajia, hakuipata. Alichokipata ni yale malori, na yeye ameketi ndani.

"Mchanga niliubadilisha mimi," alisema.

Alilisema kwa sauti ndogo, lakini watu walikuwa kimya na wote walisikia. Baba alishusha kikombe chake chini taratibu. Mama akasema, "Mercyline?" kama anayemwita mtoto wa mtu mwingine.

"Jana, mlipokwenda sokoni. Sikuwa naumwa kichwa. Niliuondoa wake nikatia wa kiwanjani. Nilimwonea wivu."

Bi Badriya alisogea, akachota mchanga na kuupima kwa vidole kama alivyofanya Jecinta. "Na ule mwenyewe umeuweka wapi?"

"Nyuma ya mashine ya kufulia."

"Huko mbali, mwanangu. Sasa mto huu ulioubomoa, utaufanyaje?"

Mercyline aliangalia huku na huku. Chini yao bonde la mto mkavu lilikuwa limetulia juani, jeupe kwa mawe na changarawe. Alichukua ndoo ya kuoshea vyombo na chekeche ya chai, akateremka bila kumngoja mtu. Alipokuwa amepiga magoti akichota, alisikia nyayo nyuma yake.

"Si hapo, hapo ni mawe matupu," alisema Jecinta. "Njoo hapa kwenye kona, maji yanapopunguza mwendo. Mchanga wa chenga hukaa hapa."

Walichota pamoja kwa muda. Mercyline ndiye aliyeanza kuzungumza. "Kwa nini hukunisema? Uliujua mchanga ulipoushika tu."

"Ningekusema, halafu leo tungelalaje chumba kimoja?" Jecinta alitikisa chekeche. "Lakini nimekasirika. Usidhani sijakasirika."

"Nisamehe."

"Beba ndoo kwanza."

Aliibeba. Ilikuwa nzito, na kilima kilikuwa kikali, lakini hakuomba msaada. Walilisafisha sanduku, wakajaza mchanga mpya, wakauosha kama ule wa kwanza ulivyooshwa. Mercyline aliokota bendera zilizolowa, akazichomeka tena moja moja. Wazee kwa watoto walibaki pale pale wakitazama, hata nyama iliyobaki juu ya makaa ikaungua bila mtu kujali.

Jecinta akamimina mvua. Maji yakazama mara moja, kana kwamba mto ulikuwa na kiu. Wakasubiri. Kisha akachimba nyuma ya ukuta, na shimoni maji yakaanza kuingia kidogo kidogo, kwanza ya vumbi. Hayo akayachota na kuyamwaga. Yaliyofuata yakawa maangavu. Watu wakashangilia, na sauti ya Swafiya ndiyo iliyokuwa juu kuliko zote.

Jecinta alichukua finjani ya kahawa ya Bi Badriya, akaijaza, akamnyooshea Mercyline. "Kwetu aliyechimba hachoti ya kwanza," alisema. "Anampa aliyemkuta hapo. Ila usinywe, utaumwa kichwa cha kweli."

Mercyline alijimiminia maji yale mikononi. Yalikuwa baridi. Alilia kidogo, na hakuona haja ya kujificha.

Bi Badriya alimwekea mkono begani akawageukia watoto wote. "Sikilizeni, wanangu. Kutamani alichonacho mwenzio si ajabu, hali hiyo humpata kila mmoja wetu. Ubaya ni pale unapokwenda kukiharibu. Waliochota mchanga wa jirani walidhani wanamkomoa jirani, nao wakakosa maji. Mercyline alidhani anaubomoa mto wa Jecinta, na bendera zilizosombwa zilikuwa zake mwenyewe. Ukiona wivu, useme mapema, ungali moyoni. Ukishafika mikononi umechelewa." Kisha akamtazama Mercyline machoni. "Umekiri mwenyewe, na umeyatengeneza uliyoyaharibu. Hayo nimeyaona. Lakini mwakani hutasimama mbele. Utamsaidia atakayesimama, na utamsaidia kwa moyo."

"Ndiyo, mwalimu," alisema Mercyline. Neno lile la kusaidia halikumchoma kama mwanzo.

Walipoondoka jua lilikuwa limeshuka nyuma ya milima. Baba alimwomba Mercyline akae kiti cha mbele. Aliendesha hadi mawe yakaisha na jangwa likarudi.

"Ulifanya vibaya sana," alisema hatimaye. "Nyumbani utauosha ule mchanga uliouficha, na Sammy ataurudisha alikoutoa."

"Sawa, Baba."

"Na mimi nina changu. Nilikuwa na hamu ya lugha ya nyumbani nikasahau kwamba kuna mtu hapo anasubiri habari yake. Ungeniambia, Mercy."

"Niliuliza. Ukasema utamu utapotea."

Baba aliguna. Kisha akamtazama Jecinta katika kioo. "Haya, Jecinta. Tusaidiane kumtafsiria punda wa Mzee Kilonzo."

Wakaanza, mmoja akidakia mwenzake. Punda alikuwa amekataa kabisa kupita mbele ya ofisi ya chifu, kwa sababu siku moja alifungwa pale tangu asubuhi mpaka jioni Mzee Kilonzo akingoja muhuri. Tangu siku hiyo Mzee Kilonzo akitaka kwenda sokoni humfunika punda macho kwa koti lake la kanisani, na watu wakimwona punda amevaa koti humwamkia kwa heshima. Baba alikwama kwenye maneno mawili, Jecinta akakwama kwenye moja, na Mama akalazimika kuingilia kati.

Kweli utamu ulipotea, kama Baba alivyoonya, maana ilibidi waeleze hadithi yote mara mbili. Lakini Mercyline alicheka mpaka akafuta machozi.